Sindano Ishirini za Asubuhi

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza alfajiri. Daftari hili lilikuwa la kuandikia vipimo vya wateja, bosi akalitupa kwa sababu kurasa za mwanzo zililowa. Binti yangu akasema, mama, andika kila siku hata mstari mmoja, usije ukasahau kuandika kabisa. Mimi niliishia darasa la nne. Herufi zangu si nzuri lakini zinasomeka.

Basi naandika. Karakanani tuko wanne. Bosi ni mwanamke, anapokea oda na kugomba. Redio, mwanamke mwenzangu, yuko kwenye cherehani, tunamwita Redio kwa kuwa hazimiki. Fundi Chaki anakata vitambaa, na chaki haitoki nyuma ya sikio lake. Mimi natia vifungo na kupiga pindo kwa mkono, ndiyo maana wananiita Mama Vifungo. Tuna mashati mia nne ya shule, yatakiwa kabla shule hazijafunguliwa Mei. Paa letu ni bati tupu. Mvua ikinyesha hatusikiani mpaka mtu apige kelele.

Tangu mwaka jana macho yangu yananikataa vitu vya karibu. Kila asubuhi Chaki ananitungia sindano ishirini kabla hajashika mkasi wake. Analowesha ncha ya uzi mdomoni, anaipitisha tunduni mara moja tu, anachomeka sindano kwenye kipande cha godoro. Akimaliza ananiletea na kusema, "Jeshi lako hilo, Mama Vifungo." Alifiwa na mkewe, kama mimi nilivyofiwa na baba watoto, miaka minane sasa. Hakuna zaidi ya hapo.

Jumanne, 5 Machi

Mvua. Mashati kumi na mawili.

Alhamisi, 7 Machi

Mvua. Nimekuta sindano ishirini na moja. Nikamwambia fundi umekosea hesabu. Akasema hajakosea.

Jumamosi, 9 Machi

Sijui kama mambo haya huwa yanaandikwa. Nina miaka arobaini na tisa na mjukuu wa miezi saba.

Bosi na Redio waliondoka saa saba. Sisi mvua ilitukuta tukikunja vitambaa. Tulikuwa nyuma ya marobota, kila mmoja ameshika ncha mbili za kitambaa, tunakutanisha ncha kama watu wanavyokunja shuka. Ilipofika kukutanisha kwa mara ya tatu hatukuachana. Tulibusiana. Si busu la shavuni.

Nimerudi nyumbani nikasema nina njaa ili nisiulizwe kwa nini nimechelewa.

Jumatatu, 11 Machi

Sikumtazama. Naye hakunitazama. Redio akasema, "Nyie wawili mmegombana?"

Jumamosi, 16 Machi

Tena. Safari hii mikono yake ilifika na yangu ilifika. Nguo hazikutoka, na hatukulala pamoja. Naandika hivyo ili nisije baadaye nikajisingizia.

Mimi ndiye niliyesema twende nyuma ya marobota, tukahesabu. Tukahesabu nini, jamani.

Jumatano, 20 Machi

Niliimba nikiosha vyombo. Binti yangu akanishika paji la uso kuona kama nina homa.

Jumamosi, 23 Machi

Leo alinikalisha kwenye kiti cha bosi, yeye akakaa juu ya robota. Mvua ilikuwa ndogo, tuliweza kuongea kwa sauti ya kawaida.

"Mama Vifungo," akasema, "tumefika mahali ambapo pakizidi hapo, lazima ujue nani uko naye. Mimi naishi na virusi. Mwaka wa kumi na moja huu."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anasema mafua.

"Virusi gani?"

"Vya Ukimwi, mama. Kile kidonge changu cha saa nne."

Kile kidonge anachokimeza akiwa amegeukia ukuta, na kikombe cha chai mkononi. Siku zote nilidhani presha.

Akasema, "Tuliyoyafanya mpaka leo hayana hatari, ndiyo maana sikusema kwanza. Labda nilikosea, ningesema kwanza. Lakini sikukuweka hatarini, hilo naapa. Na hapa kazini hakuna anayejua. Kule nilikokuwa niliondoka kwa sababu ya kikombe. Walinitengea kikombe, nikawa mtu wa kikombe. Nakuomba hili liwe letu."

Nikamwambia ndiyo. Nilisema ndiyo kwa mdomo wangu. Halafu nikatoka kwenye mvua na kuacha mwavuli wangu, na mlangoni nilijifuta midomo kwa mkono. Alikuwa ananiangalia.

Jumapili, 24 Machi

Sikwenda popote. Nilikaa kitandani nikavitazama vidole vyangu.

Mtu wa vifungo hana kidole kizima. Kidole gumba cha kulia kina vitundu vitatu, cha shahada vinne, kimoja nilichomwa Ijumaa ya tarehe 15, nakumbuka kwa sababu nilinyonya damu ili isiingie kwenye kola. Na Jumamosi yake mikono hiyo ilikwenda ilikokwenda. Nimehesabu: midomo mara mbili. Mikono mara moja, lakini muda mrefu. Na sindano ishirini kila siku, kila moja imetoka kwenye mate yake ikaja kwenye vitundu vyangu. Mwaka mzima!

Ningeuliza. Lakini nimuulize nani, na nianzie wapi? Ugonjwa wenyewe nilishawahi kuusikia. Mabango nimeyaona. Yanasema ngono, basi, yanasema ngono na kunyamaza. Hakuna bango linalosema bibi mwenye mjukuu akienda nyuma ya marobota na mikono yake inakuwaje.

Mjukuu alinyoosha mikono nimbebe. Nikasema bibi anaumwa mgongo.

Jumatatu, 25 Machi

Leo nimefanya jambo.

Chaki alileta sindano ishirini kama kawaida. Hakusema habari ya jeshi. Nilisubiri ageuke. Nikachukua mkasi mdogo, nikakata ncha ya kila uzi, ile iliyoingia mdomoni mwake. Moja, mbili, mpaka ishirini. Mvua ilikuwa imepumzika na mkasi mdogo unalia. Nilipofika kama ya nane nikasikia mkasi wake mkubwa umenyamaza, na mimi sikuacha. Nilimaliza zote.

Jioni alifagia yeye, ingawa ilikuwa zamu yangu. Nilimwona ameinama anaziokota zile ncha kwa vidole, kwa sababu ufagio haukuzishika.

Jumanne, 26 Machi

Asubuhi aliweka kifuniko cha chupa mezani, akakitia maji. Akawa anachovya ncha ya uzi majini kisha anatunga. Uzi wa maji haukazi vizuri, alirudia mara mbili mara tatu kila sindano. Alifanya yote mbele ya macho yangu ili nione.

Redio akapiga kelele juu ya cherehani, "Heee! Leo uzi unabatizwa!"

Bosi alicheka. Chaki naye alicheka kidogo, kicheko cha kuwaridhisha. Mimi nilitafuta kifungo chini ya meza, na hapakuwa na kifungo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Maji kwenye kifuniko.

Jumanne, 2 Aprili

Nina kikombe changu nyumbani sasa, kijiko changu, sabuni yangu kwenye mfuko. Nimesema nina vidonda vya koo. Mjukuu simbusu tena, namgusa kichwani kwa kiwiko.

Binti yangu akaweka sahani chini kwa nguvu. "Mama, huyu mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea, mwanangu."

"Basi ni mimi. Tumekulemea. Sema tu, nitamwambia baba yake atutumie nauli tuende zetu."

Nikalia. Akadhani nalia kwa sababu amepatia.

Alhamisi, 4 Aprili

Naandika hii nikiwa naona aibu ya kushika kalamu.

Chaki alikwenda kuchukua vitambaa. Mvua ilikuwa inapiga bati. Redio alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakagusana.

"Shoga, una nini na Chaki?"

"Sina kitu."

"Mtu alikuwa anakutungia kwa mdomo kama mama ndege, leo anachovya maji. Wewe unamkwepa kama moto. Amekushika bila ruhusa? Sema nimpasue na mkasi."

"Hajanishika," nikasema. Huo ulikuwa uongo, na ulikuwa wa kujilinda mimi.

"Basi amekunyima nini?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema ni deni, ni dini, ni chochote. Lakini karibu wiki mbili nilikuwa nimebeba kitu peke yangu, kikaniwasha ulimi, na nikataka mtu mmoja tu aniambie pole. Nikasema, "Muulize mwenyewe kile kidonge cha saa nne ni cha nini."

Basi. Maneno hayo tu. Redio akarudi nyuma na kiti chake. Hakuniambia pole. Alitazama rafu ya vikombe.

Ijumaa, 5 Aprili

Kikombe cha Chaki kimefungwa uzi mwekundu kwenye kishikio, na fundo juu. Uzi wa akiba yetu ya nembo za shule. Ni kazi nzuri, imezungushwa mara nyingi, haiwezi kufunguka kwa bahati mbaya.

Saa nne alikwenda kuchukua chai. Alisimama mbele ya rafu. Alikichukua, akageuka, akamtazama Redio, akamtazama bosi anayejifanya anasoma oda, kisha akanitazama mimi. Mimi mwishoni. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu anayesoma barua aliyoitarajia.

Alimeza kidonge chake akiwa ametuelekea, hakugeukia ukuta. Akamaliza kukata mikono ya mashati ya saizi ndogo, akapanga, akavaa koti, akaondoka.

Jumamosi, 6 Aprili

Hakuja.

Jumatatu, 8 Aprili

Hakuja. Bosi amejaribu kukata mwenyewe na kuharibu mita sita. Nimetunga sindano nne mpaka saa tano. Sikupata ya tano.

Jumanne, 9 Aprili

Nimekwenda kituo cha afya. Niliomba ruhusa nikasema ni koo.

Muuguzi ni mwanamke wa umri wa mwanangu mkubwa, ana miwani mikubwa. Nikamwambia nimekuja kuulizia habari ya jirani yangu.

"Karibu, mama. Jirani ana umri gani?"

"Kama wangu."

"Anavaa kilemba cha kijani kama hicho?"

Nikakishika kilemba changu. Tukatazamana, akafunga mlango, akavuta kiti upande wangu wa meza. "Sema, mama yangu. Hapa nimeshasikia yote, huwezi kunishangaza."

Nikasema. Nilisema nikitazama mizani ya watoto kwenye kona. Midomo, mikono, wapi, muda gani. Vitundu vya vidole. Uzi wenye mate. Nilipofika kwenye mikono nilitaka sakafu initafune, lakini yeye alikuwa anaandika tu kana kwamba namtajia bei ya vitunguu.

"Kubusiana," akasema, "mate hayaambukizi virusi. Wengi wanaogopa hapo. Labda nyote wawili muwe na vidonda vinavyotoka damu mdomoni, na hata hivyo ni nadra sana. Mlikuwa mnatoka damu?"

"Hapana."

"Basi hilo lifute. Uzi uliolowa mate, ni mate yale yale. Vikombe, vijiko, sabuni, futa. Mikono: kushikana, hata sehemu za siri, hakuambukizi ngozi ikiwa nzima."

"Yangu si nzima," nikasema, nikamwekea vidole mezani.

Alivishika, alivigeuza kwenye mwanga kimoja kimoja. Hakuvaa glavu. "Hivi vimeshajifunga, mama. Kitundu cha sindano cha jana yake si mlango. Virusi huingia kwa kulala na mtu bila kinga, kwa damu, au mama kumpa mtoto tumboni, wakati wa kuzaa au anaponyonyesha. Haviingii kwa kupapaswa. Na huyo mzee anameza dawa?"

"Kila siku saa nne. Miaka kumi na moja."

"Na anapimwa wingi wa virusi?"

Sikujua.

"Mwulize. Kama anameza vizuri na kipimo kinaonyesha virusi havionekani, basi hata mkilala pamoja hawezi kukuambukiza. Nimesema hata mkilala pamoja." Akavua miwani. "Mtu wa hivyo, aliyekuambia kabla hamjafika mbali, ni salama kuliko wengi wasiojua lolote kuhusu miili yao. Wewe mara ya mwisho ulipimwa lini?"

Sijawahi. Hata baba watoto alipofariki sikupima, niliogopa.

"Kwa hayo uliyonieleza hakuna sababu ya kupima. Lakini kila mtu mzima afadhali ajue. Tupime?"

Alinitoboa kidole, kitundu kimoja zaidi. Nikasubiri kwenye benchi. Sina virusi.

Nilitegemea nitafurahi. Nilikaa kwenye benchi lile nikaona uzi mwekundu. Hofu yangu yote haikuwa na kitu ndani yake, na kwa kitu kisichokuwepo nimemfunga mtu fundo.

Jumatano, 10 Aprili

Nimemwambia binti yangu habari ya Chaki na ya muuguzi, isipokuwa ile mikono. Halafu nikamwambia na mikono.

Alicheka kwanza, mpaka akaketi chini. "Mama! Nyuma ya marobota!" Kisha akaacha kucheka. "Mambo haya tulifundishwa shuleni. Kwa nini hukuniuliza?"

"Nikuulize vipi, mwanangu? Mimi ndiye mama."

 Aliniwekea mtoto mapajani. Nilimbusu mpaka akalalamika.

Halafu akasema, bila kunitazama, "Na siri ya huyo baba, uliitunza?"

Nikamwambia. Akasema, "Aa, mama." Hivyo tu. Ningependa angenifokea.

Alhamisi, 11 Aprili

Mvua kubwa kuliko zote. Saa nne nilikwenda kwenye rafu, nikachukua kikombe chenye uzi mwekundu, nikamimina chai, nikanywa nimesimama katikati. Chai nyingine ikamwagikia kwapa la shati la saizi ya kati.

"Shoga!" Redio akaruka. "Hicho si chako!"

Nikapiga kelele, maana bati lilikuwa linaunguruma: "Mimi ndiye niliyesema siri ya mtu! Aliniambia mimi peke yangu, nikakuambia wewe!"

"Sikusikii!" bosi akaita.

"Nasema nimekwenda hospitali! Nimepimwa! Sina! Na muuguzi amesema chai haiambukizi, wala mate, wala mikono, wala sisi kubusiana!"

Mvua ikakatika hapo. Ilikatika kama bomba linavyofungwa. Lile neno la mwisho lilibaki karakanani peke yake, na mteja mmoja alikuwa mlangoni anakunja mwavuli.

Hakuna aliyecheka. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Nikawaza, hivi ndivyo alivyosimama yeye mbele ya rafu.

Redio alivuta pumzi. "Wewe? Na Chaki?"

"Mimi. Mara mbili."

Bosi alimhudumia mteja kwanza. Kisha akaja, akakichukua kikombe, akakata uzi mwekundu kwa mkasi na kuutia mfukoni. "Mashati mia na hamsini hayajakatwa," akasema. "Kamwite fundi wangu. Na wewe Redio, kaoshe vikombe vyote. Vyote."

Jumamosi, 13 Aprili

Anakaa chumba kimoja, kitanda kimetandikwa kama cha hospitali. Hakuniambia nikae. Nilisema yote nikiwa mlangoni: Redio, muuguzi, kikombe, kelele, mteja na mwavuli. Kwenye mwavuli nilidhani atatabasamu.

"Ulichomwambia Redio hakikuwa uongo," akasema. "Kilikuwa changu tu."

"Najua."

"Kukata uzi nilielewa. Mtu akiogopa hukata. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza nilikuwa nafua shuka zangu mara mbili. Lakini uliniambia ndiyo, Mama Vifungo. Nilikuona mdomo ukisema ndiyo."

 Nikamwomba radhi, nikamwambia bosi anamwita. Alinirudishia mwavuli wangu, ule niliouacha siku ile. Alikuwa ameushona mahali palipochanika.

Jumatatu, 22 Aprili

Amerudi. Amemwamkia kila mtu, na mimi, sawasawa na wengine. Redio alimpa chai kwa mikono miwili, akasema neno moja tu siku nzima, "Samahani." Kwa Redio kunyamaza hivyo ni hotuba.

Sindano ishirini. Kifuniko cha maji.

Alhamisi, 25 Aprili

Kifuniko cha maji.

Ijumaa, 3 Mei

Mvua imekonda, inakuja na kwenda kama mgeni asiye na haraka. Yamebaki mashati tisa.

Nilifika wa kwanza. Alipokuja alikuta kile kifuniko nimekichukua. Nikatoka nacho mlangoni, mbele yake, nikayamwaga maji, nikakitupa. Nikarudi, nikamwekea mezani kipande cha godoro na sindano ishirini tupu na kibiringo cha uzi mweupe.

Alivitazama. Hakuvigusa. Nikaona amekataa, na nikaona ana haki.

Basi nikavuta uzi mrefu mwenyewe, nikalowesha ncha mdomoni mwangu, nikaanza kutafuta tundu. Nilikosa. Nikalowesha tena, nikakosa. Redio aliingia, akatuona, akakumbuka kitu nje.

Mara ya tano au ya sita Chaki akanyoosha mkono. Nikampa sindano na uzi wangu uliolowa. Aliushika ule uzi kwa muda. Kisha akaitia mdomoni ile ncha iliyotoka kwangu, akaikaza kwa midomo, akaipitisha mara moja.

Akanipa. Nikasubiri ya pili.

"Leo moja," akasema, akaiweka chaki nyuma ya sikio na kwenda kwenye meza yake.

Nimetia vifungo vyote leo kwa sindano hiyo moja. Nilishona polepole, uzi usiishe.